Likizo Mbulu: Boma, makanisa na chemchemi ambayo babu alitaka wajukuu waione

Kazi ya likizo aliyopewa binti wa darasa la sita ilikuwa ya sentensi moja: ataje na kuchora maeneo matatu ya kihistoria au nyumba za ibada zilizopo katika wilaya wanakotoka wazazi wake.

Mtoto huyo amezaliwa na kukulia Arusha. Wilaya ya wazazi wake ni Mbulu, mkoani Manyara. Alichokijua kuhusu Mbulu kilikuwa baridi ya Juni, ugali wa moto na babu asiyetaka kuona simu watu wanapokula.

Baba yake aliona ni kazi ya siku moja. Kabla hata hawajafunga mizigo alikuwa ameshampa majibu: boma la Mjerumani, kanisa la Tlawi na Haydom. Binti akayaandika kwenye daftari, akaacha nafasi ya michoro.

Kazi ile ilichukua siku nne. Mchoro wa tatu haukuwa wa jengo.

Kupanda Magara

Kutoka Arusha, njia ya karibu kwenda Mbulu hupita Makuyuni na Minjingu hadi kituo kinachoitwa Mbuyu wa Mjerumani, kwenye barabara kuu ya Babati. Hapo gari huacha barabara kuu na kushika njia ya Magara.

Jina la kituo hicho peke yake linatosha kuanzisha somo ndani ya gari. Mdogo wake binti, wa darasa la pili, aliuliza kama Mjerumani mwenyewe bado yupo chini ya mbuyu. Baba akaeleza kwamba nchi hii ilitawaliwa na Wajerumani mpaka Vita Kuu ya Kwanza, kisha Waingereza wakachukua, na kwamba majina ya vituo mara nyingi hukumbuka watu waliokwisha kuondoka zamani.

Baada ya daraja la Magara, barabara huanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Ni mlima wa kona nyingi, na mtoto anayesumbuliwa na kichefuchefu akae karibu na dirisha. Ukifika juu na kugeuka nyuma, Ziwa Manyara linaonekana chini kama bati jipya lililoanikwa juani. Hewa hubadilika. Dakika chache nyuma watu walikuwa wamefungua vioo vyote, sasa mama anatafuta masweta.

Huku juu ndiko kwa Wairaqw, watu ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Watoto wanaozungumza Kiswahili tu hufurahia kujaribu sauti zake: ile "tl" ya Tlawi inayotokea pembeni mwa ulimi, ile "hh" ya Hhando inayotoka kooni, na ile "q" iliyomo katika jina lenyewe la Iraqw. Kutoka Magara mpaka mjini, gari zima lilikuwa likijaribu kutamka "Tlawi", na aliyeweza ni baba peke yake. Alionekana kujivunia.

Boma na kiti kimoja cha 1960

Mji wa Mbulu, ambao Wairaqw huuita Imboru, ni mdogo na unatembeleka kwa miguu. Boma lilijengwa na Wajerumani katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, walipotaka kituo cha kutawalia nyanda hizi za juu. Waingereza walipoingia mwaka 1916 nao wakaifanya Mbulu makao ya wilaya kubwa sana. Kwa lugha ya leo, wilaya hiyo ilibeba Mbulu yenyewe, Karatu, Hanang na Babati. Wazee wa Karatu na Katesh bado wanakumbuka kusafiri hadi Mbulu kufuata shauri au kodi.

Mzazi anayetaka kuonyesha boma afahamu kwamba majengo ya serikali hayapigwi picha ovyo. Kuomba ruhusa kwanza hakugharimu kitu, na mtoto hujifunza adabu hapo hapo.

Kuna habari moja ya Mbulu ambayo watoto wa shule hawaikuti mara nyingi vitabuni. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, uliotangulia uhuru wa Tanganyika, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kiti kile kimoja kilikuwa cha hapa. Herman Sarwatt, aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyekuwa mgombea rasmi wa chama. Binti aliandika habari hiyo pembeni mwa daftari ingawa haikuwa sehemu ya kazi yake, kisha akauliza kwa nini watu wa Mbulu walikataa kufuata wengine. Baba alicheka, akamwambia akamwulize babu.

Kanisa Kuu na Tlawi

Hapo hapo mjini ndipo lilipo Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Mbulu. Eneo hili lilifanywa kuwa mamlaka ya kitume mwaka 1943, likapandishwa kuwa jimbo mwaka 1953, chini ya Askofu Patrick Winters, Mpalotini kutoka Ireland. Mwaka 1971 alimfuata Nicodemus Hhando, mwana wa nchi hii, aliyeliongoza jimbo kwa zaidi ya miaka 25. Kwa mtoto, somo jepesi ni hilo: jina la kwanza kati ya hayo mawili lilitoka ng'ambo ya bahari, la pili limetoka kwenye vilima vinavyoonekana kutoka nje ya kanisa.

Mji una makanisa ya madhehebu mengine pia, likiwemo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lenye dayosisi yake hapa, na misikiti ambayo adhana yake huingia mpaka sokoni. Familia ya dini yoyote inaweza kuomba kuonyeshwa nyumba ya ibada ya wenzao nje ya saa za sala. Msikitini viatu huvuliwa mlangoni. Kanisani kofia ya mvulana huvuliwa. Kote huko watoto hawakimbii.

Asubuhi iliyofuata familia ilikwenda Tlawi, si mbali na mji. Tlawi ina ziwa dogo na misheni ya zamani iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, katika muongo wa kwanza wa karne iliyopita. Ukatoliki wa nchi ya Wairaqw ulianzia huku kabla haujahamia mjini. Wapalotini waliwapokea kazi hiyo miaka ya 1940.

Binti alikaa kwenye nyasi akachora kanisa. Mdogo wake alihesabu ndege majini. Mama akasema hapa pangetosha kwa picha ya kalenda. Mpaka hapo, kazi ya likizo ilikuwa inakwenda vizuri.

Swali la babu

Jioni ile, Kainam, babu aliomba aonyeshwe daftari. Kainam ni eneo la vilima kusini mashariki mwa mji, ndani ya nchi ambayo Wairaqw huiita Irqwa Da'aw, na ambayo serikali ya kikoloni iliiita Mama Issara. Hiki ndicho kitovu ambacho watu walitoka, kizazi baada ya kizazi, kwenda kulima Karatu, Dongobesh, Hanang na kwingineko.

Babu alivaa miwani, akasoma polepole: boma, Tlawi, Haydom. Akarudisha daftari.

"Mjukuu wangu, umeandika vizuri. Hapa kuna Mjerumani, kuna mapadre, na kuna Mnorwei. Sasa niambie, sisi kabla yao hatukuwa tunasali?"

Binti alimtazama baba yake. Baba akatazama moto.

Mama ndiye aliyejibu, kwa heshima ya mkwe. "Baba, nafikiri mwalimu alitaka majengo. Halafu tusije tukawafundisha watoto matambiko."

"Mama wa watoto, mimi Jumapili niko kanisani kabla ya kengele ya pili," babu alisema bila hasira. "Nataka kuwaonyesha babu yangu alikuwa anasimama wapi akiomba. Hakuna atakayeambiwa apige magoti."

Mazungumzo hayo yanazijia nyumba nyingi za Mbulu, na si za Mbulu tu. Mzazi Mkristo au Mwislamu huogopa kwamba akimwonyesha mtoto mahali pa ibada ya wazee atakuwa anamrudisha huko. Kwa kuogopa hivyo hunyamaza. Mtoto hukua akijua kwamba historia ya kwao ilianza na meli ya mgeni.

Babu aliahidi kuwapeleka, lakini si kesho. Kesho wangekwenda kwanza Basotu kumsalimia dada yake, kwa sababu huko nako kuna kitu ambacho mtoto anayeandika habari za ibada lazima akione.

Haydom hadi Basotu

Njia ya Basotu ilipitia Haydom, mji uliokua kuizunguka hospitali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza mwaka 1955 kwa kazi ya misheni ya Kilutheri ya Norwei, mahali ambapo wakati huo palikuwa pori na mbung'o. Leo watu hutoka mikoa ya jirani kuja kutibiwa. Kama hospitali nyingine za makanisa, hapa sala na tiba vilikuja pamoja. Binti alichora lango haraka haraka, kwa sababu wagonjwa si wa kutazamwa kama wanyama wa hifadhini. Mama ndiye aliyemwambia hivyo.

Kutoka Haydom kwenda Basotu, wilayani Hanang, nchi hushuka na kufunguka. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, husimama peke yake mbele. Watoto waliutambua kwa habari ya huzuni: tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya karibu, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Gari lilikaa kimya kwa muda.

Dada wa babu aliolewa na Mdatoga wa ukoo wa Wabarbaig. Zamani Wairaqw na Wadatoga walipigania ng'ombe na malisho, na wakati huo huo walioana. Watoto walimwita mume wake babu, kama inavyotakiwa, na babu huyo wa Basotu ndiye aliyewapeleka kuona bung'eda.

Bung'eda ni kaburi la mzee wa heshima wa Kidatoga. Si kila mtu hujengewa. Mzee huzikwa nyumbani kwake, kisha kwa muda wa miezi watu wa ukoo na majirani hulijenga kaburi kwa udongo mpaka liinuke kama pia iliyogeuzwa, juu kuliko kimo cha mtu. Pombe ya asali huandaliwa, na siku ya mwisho watu hukusanyika kwa wingi kutoka mbali. Baadaye mvua hulila kaburi pole pole. Familia huweza kuhamia kwingine na ng'ombe wake. Kinachobaki ni kichuguu chenye nyasi na miti, ambacho mgeni angepita bila kujua. Wenye ukoo hurudi hapo kuomba.

"Babu, mbona hakuna jina?" mdogo wa darasa la pili aliuliza.

"Jina liko hapa," mzee alijibu akijigusa kifua. "Asiyelijua, si wa kwake."

Kisha akawaeleza watoto jambo ambalo wazazi wengi wa Hanang wanalijua kwa uchungu. Kuanzia karibu mwaka 1970, serikali kupitia shirika lake la NAFCO ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Canada. Mashamba yalifika saba, jumla ya ekari 100,000 hivi, na nchi ilihitaji mkate. Lakini ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, na ndani yake kulikuwa na makaburi ya wazee wao. Wabarbaig walilalamika kwamba njia zao zilifungwa na bung'eda zikalimwa na matrekta.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikapata haki Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Miaka mingi baadaye, shirika lilipovunjwa, baadhi ya mashamba yalirudishwa kwa vijiji. Kaburi lililokwisha kulimwa haliwezi kurudishwa.

Dereva wa trekta huenda hakuwa mtu mbaya. Mbele yake aliona kichuguu tu. Hapakuwa na ukuta wala kibao, na mwenye kulijua jina hakuulizwa. Tofauti ya hapo na michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia, ni kwamba Kondoa mtu anayefika hukuta kibao na mwongozaji. Basotu hukuta ngano.

Binti hakuchora papo hapo. Aliomba ruhusa kwanza, na mzee akakubali achore kwa mbali, bila picha ya simu.

Kabla ya kufunga safari

Kwa familia inayotaka kufuata njia kama hii, mambo machache yatasaidia.

Juni na Julai barabara huwa kavu lakini baridi ya Mbulu ni kali asubuhi na jioni, na ukungu huweza kufunika kilima kizima hadi saa nne. Masweta na soksi ni lazima. Machi hadi Mei mvua ni kubwa, na njia za udongo za vijijini huwa na utelezi.

Siku moja haitoshi. Mji na Tlawi vinaweza kuwa siku moja, Kainam siku nyingine, Haydom na Basotu siku ya tatu. Watoto wadogo wasibanwe kwenye gari kutwa nzima.

Mahali pasipo na kibao, mgeni hutanguliza mwenyeji. Hii ni kwa chemchemi, kwa makaburi na hata kwa makanisa ya vijijini. Kufika na kupiga picha kabla ya kusalimia ni kukosa adabu, na mtoto anakuangalia.

Mzazi mwenye wasiwasi wa imani anaweza kumwambia mtoto ukweli rahisi: hapa wazee wetu walimwomba Mungu kwa namna waliyoijua. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaelewa.

Kainam, siku ya mwisho

Babu aliwaamsha kabla ukungu haujaondoka. Kwanza aliwapitisha shambani. Kilima kizima kilikuwa kimekatwa kwa matuta na makinga maji, samadi ya ng'ombe wa zizini imebebwa na kumwagwa juu, na bonde chini limeachwa nyasi za malisho. Watafiti wengi wamefika kujifunza kilimo hiki cha Wairaqw, ambacho kimelisha watu wengi juu ya miteremko mikali kwa vizazi na vizazi.

Halafu aliwaonyesha shimo lenye magugu ubavuni mwa kilima. Hapo palikuwa na nyumba ya baba yake. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba ndani ya mteremko na kuezeka paa bapa la udongo, hivi kwamba aliyetazama kutoka juu aliona ardhi tu. Wavamizi wa mifugo walipita bila kuiona. Sasa nyumba ya babu ni ya matofali na bati, na shimo lile watoto wa jirani hulitumia kwa mchezo wa kujificha.

Mwisho wakafika kwenye chemchemi. Ilikuwa ndogo, maji yakitoka chini ya miti mitatu ya zamani. Babu alisimama hatua chache kabla ya kufika, akavua kofia.

Alieleza kwamba wazee walimwita Mungu Looa, jina lile lile la jua, nao walimfikiria kama mama, mwema na mpole. Chini, kwenye maji na chemchemi, walisema wanakaa netlangw, ambao hukasirika mtu akiwa mchafu wa matendo. Kwa hiyo hapa hapakupigwa kelele, hapakukatwa mti, hapakufuliwa nguo.

"Ndiyo maana maji yapo," alisema mama, karibu kwa kujisemea mwenyewe.

"Mwaka juzi kijana mmoja alitaka kuikata miti hii apande mikaratusi," babu alisema. "Nilimwuliza, hukuambiwa? Akasema, babu, na nani? Nikakosa jibu. Baba yake alikuwa rika la mwanangu huyu."

Kisha akawageuza watazame vilima vinavyozunguka bonde. Akaonyesha kwa fimbo kutoka ukingo huu mpaka ule. Ile ni mipaka ya aya, yaani nchi ya watu waliokaa pamoja. Ulipokuja ugonjwa au ukame, wazee waliizunguka mipaka hiyo wakiiombea nchi. Kanisa lao halikuwa na kuta kwa sababu ukuta wake ulikuwa mpaka wa nchi yenyewe, na kila aliyekaa ndani yake alikuwa muumini.

"Waliomba wakisema nini, Babu?" binti aliuliza.

"Niite Aako leo," mzee alisema. Ndivyo mtoto wa Kiiraqw amwitavyo babu yake. Halafu akaanza.

Slufay ni maombi marefu ya mzee mbele ya watu, nusu sala nusu shairi. Mmoja hutamka, wengine huitikia. Huombwa mvua, watoto, ng'ombe, amani, na mabaya yaondolewe yaende mbali. Mzee hakusoma popote. Sauti yake ilipanda na kushuka, na mwishoni mwa kila mstari alimtazama mwanawe ili aitikie.

Baba aliitikia mara tatu. Mara ya nne hakujua pa kuitikia. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na mitatu kwenda shule ya bweni, na likizo zake nyingi alizimalizia mjini. Yule aliyekuwa fundi wa kutamka "Tlawi" ndani ya gari alisimama mbele ya watoto wake akiwa hana neno. Akatoa simu mfukoni, akafungua kinasa sauti.

"Simu irudishe kwanza," babu alisema. "Simu itakumbuka, wewe hutakumbuka. Sema nyuma yangu."

Basi mtu mzima wa miaka arobaini na kitu akafundishwa mstari kwa mstari, watoto wake wakicheka kila alipokosea, na mkewe akiwakanya huku naye akicheka. Mtoto wa darasa la pili aliushika mwitikio kabla ya baba yake. Baada ya mistari sita babu alichoka, wakarudi kunywa chai.

Binti alibaki nyuma kidogo na daftari. Alifuta "Haydom" kwa kifutio, ingawa mchoro wa lango aliuacha. Orodha yake mpya ilikuwa kanisa la Tlawi, bung'eda ya Basotu, na chemchemi ya Kainam yenye miti mitatu na vilima kuizunguka. Boma alilichora pia, ukurasa wa nyuma, likiwa dogo.

Mwalimu alimpa alama nzuri na kumwuliza kwa wino mwekundu: chemchemi ni jengo? Binti alijibu chini yake kwamba hapana, ni nyumba ya ibada, na kwamba asiyeamini anaweza kumwuliza babu yake.

Tangu likizo hiyo, kila Jumapili jioni simu ya Kainam huita kutoka Arusha. Wakimaliza kusalimiana, baba huisimamisha simu kwenye kikombe, sauti ikiwa juu, na kuanza mstari wa kwanza. Watoto huitikia kutoka sebuleni. Amefika mstari wa kumi na moja. Wiki iliyopita alidhani ameumaliza vizuri, mpaka sauti ya mzee ikasikika kutoka upande wa pili.

"Umeruka mvua. Anza tena."